Kabla Shimo Halijafunikwa: Somo la Kujenga Ghala na Nyumba ya Nguzo

Kikundi kikipata pesa za kujenga, neno la kwanza linalosikika mkutanoni ni mabati. Mabati mangapi, geji gani, rangi gani. Neno la pili ni mlango na kufuli. Shimo la nguzo hutajwa mwisho, kama linatajwa, na kazi hiyo hupewa vijana wawili wamalize kabla ya saa sita. Katika somo hili tutakwenda kinyume. Tutaanza na shimo, kwa sababu jengo la nguzo huanza kufa kutoka chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia, na likianguka linaanguka na mahindi ya watu ishirini na tano.

Kwanza tuelewane juu ya jengo lenyewe. Jengo la nguzo ni lile ambalo ukuta haubebi paa. Paa linabebwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, na ukuta unakuja baadaye kujaza nafasi tu, uwe wa mbao, matofali, udongo au mabati. Wazee wetu walijenga hivyo kabla ya mtu yeyote kuwaletea simiti. Huko Marekani wakulima wengi hadi leo huweka matrekta na majani ya ng'ombe katika majengo ya namna hiyo hiyo. Yalienea huko kuanzia miaka ya 1930, wakati uchumi ulipoanguka na watu wakatafuta njia ya kujenga bila kumaliza pesa kwenye msingi. Kwa hiyo mtu asiwacheke ati mnajenga kama watu wa zamani. Nimeona nyumba za mawe zenye nyufa za kuingiza mkono, na nimeona vibanda vya nguzo vya miaka thelathini vikisimama wima.

Faida kubwa kwa kikundi ni mpangilio wa pesa. Nyumba ya mawe inakula pesa nyingi kwenye msingi na ukuta kabla haijakupa hata kivuli. Jengo la nguzo linakupa paa kwanza. Mwaka huu mnasimamisha nguzo na kuezeka, mnapata mahali pa mkutano na maji ya mvua. Mwaka ujao, pesa za mzunguko zikirudi, mnaweka ukuta. Lakini faida hiyo ina hatari yake, na nitaieleza tutakapofika kwenye upepo.

Ghala ndilo litakuwa mfano wetu, kwa sababu vikundi vingi huuliza juu yake. Ghala si chumba tu cha kufungia magunia. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi, ile aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Walikula mahindi yao wenyewe. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, mahali penye joto na pasipopita hewa, yaliota ukungu. Nguzo ikioza, paa linalala upande. Paa likilala, maji yanaingia kwenye pembe moja ambayo haionekani nyuma ya magunia. Mwenye kula mahindi ya gunia hilo hatajua kwamba shida ilianzia kwenye mguu wa nguzo.

Kuchagua nguzo

Si kila mti unafaa kuchimbiwa ardhini. Saiprasi na grivilea ni mbao nzuri za kenchi, lakini zikitiwa ardhini bila dawa hazidumu. Mkaratusi, ule tunaouita bulugamu, ni mnyoofu na una nguvu, lakini mchwa wanaupenda kama watoto wanavyopenda miwa. Ukitaka kuutumia, nunua uliotiwa dawa kiwandani kwa mashine ya kushindilia, kama nguzo za stima. Mwerezi, au mutarakwa, una moyo mgumu ambao mchwa na ukungu hawauwezi kirahisi. Kwa wale wa Ukambani, mukau ni zawadi: mbao yake inastahimili mchwa, na ukitunzwa vizuri unaweza kuvunwa baada ya miaka kumi hadi kumi na tano. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, wameufanyia kazi mti huu huko Kitui kwa miaka mingi. Kikundi kilicho na shamba dogo kinaweza kuanza kupanda nguzo za ghala la pili siku ile kinapochimba mashimo ya la kwanza.

Hata kwa mwerezi na mukau, angalieni moyo wa mti. Ile sehemu nyeupe ya nje inaliwa haraka. Nguzo nyembamba ya mti mchanga ni nyeupe karibu yote, hivyo jina zuri la mti halitawasaidia. Chagueni nguzo yenye unene wa inchi 6 kichwani, iliyotolewa ganda lote, iliyokauka. Mkiacha ganda, mnawajengea mchwa barabara iliyoezekwa.

Kuhusu nguzo za kiwandani kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Dawa haifiki katikati ya mti. Inakaa sehemu ya nje, inchi moja hivi au zaidi kidogo. Ukikata nguzo na msumeno unafungua mlango wa katikati. Kwa hiyo ule mwisho ambao haujakatwa ndio unaokwenda ardhini. Kama ni ndefu, kata juu, halafu paka dawa hapo ulipokata na ufunike na kipande cha bati. Na vile vipande vya kijani vinavyobaki, tafadhali akina mama, visiende jikoni. Dawa iliyo ndani yake mara nyingi ina sumu ya aseniki, na moshi na majivu yake ni hatari. Msivifanyie pia kihori cha ng'ombe wala rafu ya chakula. Vizikeni mbali na kisima.

Wengine huuliza juu ya oili chafu ya gari na kuchoma mguu wa nguzo kwenye moto. Oili inakaa juu ya ngozi ya mti, inachelewesha mchwa kidogo, kisha inakwisha na kuchafua udongo. Karibu na ghala la chakula mimi sishauri. Kuchoma nako kunatengeneza ganda jeusi lenye nyufa ndogo, na mchwa hupita kwenye nyufa. Mkiwa na pesa kidogo, ni afadhali mnunue nguzo chache za kweli na kujenga jengo dogo kuliko kujenga kubwa juu ya nguzo za kuombea.

Na mkiuziwa nguzo za stima zilizong'olewa, ombeni risiti na jina la aliyeziuza. Bila karatasi hiyo msizichukue.

Kupima na kuchimba

Tuchukue ghala la upana wa futi 16 na urefu wa futi 24. Kila upande mrefu una nguzo 4, zikiachana futi 8. Ongezeni nguzo moja katikati ya kila upande mfupi. Jumla ni nguzo 10, kila moja futi 12: futi 3 zinaingia chini, futi 9 zinabaki juu. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba angalau robo ya nguzo iwe ardhini. Kwenye udongo wa mchanga uliolegea nendeni futi 4 na mnunue nguzo ndefu zaidi. Ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua ukwepeni kabisa kama mnaweza. Unasukuma nguzo juu na kuiachilia kila mwaka, kama mtu anayetikisa jino. Tafuteni mwinuko, mahali maji ya mvua yanapopita bila kusimama.

Pigeni kamba kwenye vigingi. Pembe ikae sawa: kutoka kwenye kona pimeni futi 6 upande mmoja na futi 8 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima iwe futi 10 kamili. Mkimaliza pembe zote nne, pimeni kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Kwa ghala hili inatakiwa futi 28 na inchi 10, na mishazari yote miwili ilingane. Ikipishana, sogezeni vigingi sasa. Mkiacha, mtamlipa fundi kusogeza mabati baadaye.

Shimo liwe na upana wa futi moja na nusu na kina cha futi 3 na inchi 6. Chini kabisa lazeni jiwe bapa la unene wa inchi 6 ili nguzo isizame. Toeni mizizi yote na visiki vya zamani. Msitupe shimoni vipande vya mbao wala maranda, kwa sababu hicho ni chakula cha kuwaita mchwa karamuni. Kateni fimbo ya futi 3 na nusu, mpeni mwanakamati mmoja, na asiende nyumbani kabla ya kuitia katika mashimo yote kumi. Fimbo hiyo haina huruma na haidanganywi na maneno ya fundi. Nguzo moja iliyoishia kwenye mwamba wa futi 2 inatosha kuharibu jengo. Mkikuta mwamba, sogezeni mstari wote, au pasueni mwamba, lakini msifupishe nguzo.

Simamisheni nguzo, itazameni kwa timazi kutoka pande mbili, ishikilieni kwa mbao za muda. Halafu rudisheni udongo na kokoto kidogo kidogo, kila inchi 6 mnashindilia kwa mtaimbo mpaka sauti inabadilika na chuma kinaanza kuruka. Kazi hii inachosha na ndiyo watu hukwepa. Wanajaza shimo lote mara moja na kukanyaga juu kwa miguu. Nguzo itasimama siku hiyo, ndiyo, lakini mvua ya kwanza udongo utashuka na nguzo itacheza.

Je, simiti? Fundi wengi hutengeneza bakuli la konkriti kuzunguka nguzo, wanafunga chini na kuzunguka. Mbao inapokauka inanywea kidogo, unabaki mwanya, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Nguzo inakaa kwenye kikombe cha maji mwaka mzima. Mkitumia konkriti, mguu wa nguzo ukae juu ya jiwe na kokoto ili maji yapite chini, na juu konkriti ipande inchi 4 hivi kuliko ardhi, ikiinama kwenda nje. Pasipo konkriti udongo ulioshindiliwa vizuri unatosha kabisa kwa ghala la ukubwa huu. Juu yake wekeni kilima kidogo cha udongo kinachokimbiza maji.

Sasa sikieni vizuri sehemu hii. Nguzo haiozi sana kule chini kabisa, na haiozi juu. Inaoza pale inapotoka ardhini, kiasi cha mkono mmoja juu na mkono mmoja chini. Hapo ndipo hewa na maji hukutana, na ukungu unahitaji vyote viwili. Watu hupaka dawa mguu tu na kuishia chini ya usawa wa ardhi. Pakeni mpaka futi moja juu ya ardhi. Na kwa dawa ya mchwa ya kutia kwenye udongo, muulizeni afisa wa kilimo ni ipi iliyosajiliwa. Dawa za zamani kama aldrini na dieldrini, ambazo zilitumika sana kwa mchwa, zimepigwa marufuku kwa sababu hazitoki ardhini wala mwilini. Mzee fulani akiwaletea kopo lisilo na karatasi, mshukuruni na mlikatae.

Mikono na kichwa

Kabla ya kuendelea fanyeni zoezi hili mkutanoni. Chukueni vijiti vinne, vipigeni msumari mmoja kila kona mpate kidirisha. Mpeni mtoto akisukume. Kitalala upande kama karatasi. Sasa pigilieni kijiti cha tano kutoka kona hadi kona na mpeni mwanamume mwenye nguvu kuliko wote ajaribu. Hata asiyejua kusoma ataelewa kwa nini jengo linahitaji mbao za mshazari, na ataweza kumwuliza fundi ziko wapi.

Kwenye ghala letu, kila nguzo ya kona iwe na mkono wa mshazari kwa pande zote mbili: kutoka futi 3 chini ya kichwa cha nguzo kupanda hadi kwenye boriti, futi 3 kutoka kwenye nguzo. Nguzo za katikati nazo ziwe na mkono kuelekea ndani, kwenye kenchi. Ni vipande vidogo, gharama yake haifiki bei ya bati mbili, na ndivyo vya kwanza kuondolewa pesa zikipungua. Msikubali.

Juu ya nguzo kunakaa boriti ya 6 kwa 2. Ukiipigilia kando ya nguzo kwa misumari tu, uzito wote wa paa unaning'inia kwenye misumari. Fundi akate bega kichwani mwa nguzo, inchi 2 kuingia ndani, ili boriti ikae juu ya mbao, kisha aifunge kwa boliti ya milimita 12 na washa kubwa pande zote mbili. Wazee walitumia nguzo za panda kwa sababu hiyo hiyo: mti unabebwa na mti.

Kenchi ziwe 7, kila baada ya futi 4. Nne zinakaa juu ya nguzo, tatu zinakaa katikati, juu ya boriti. Mgongo wa paa uwe futi 3 juu ya boriti. Hapo bati la mita 3 linafika kutoka mgongoni hadi ukingoni bila kuungwa, na linabaki futi moja na kitu la kufunika ukuta. Mahali palipoungwa bati ndipo panapovuja, kwa hiyo kutokuwa na kiungo ni faida. Paa likipita futi moja kila mwisho, urefu wake ni futi 26. Kama bati lenu, baada ya kupandana, linafunika futi 2 na nusu, mtahitaji 11 kila upande. Lipimeni wenyewe dukani kabla ya kulipa, kwa sababu upana wa mabati unatofautiana.

Kuna fundi anayependa kuondoa ile mbao ya chini ya kenchi, ati ndani paonekane juu na papana. Mwambieni hapana. Paa lina tabia ya kupanua miguu, na mbao hiyo ndiyo inayoishika. Ikiondolewa, paa litasukuma nguzo nje kidogo kidogo mpaka mlango ukatae kufunga.

Tukija kwenye upepo, wengi hufikiri unasukuma tu. Upepo unainua. Jengo lenye paa na lisilo na ukuta ni kama mwavuli: upepo unaingia chini na kutafuta kuondoka nalo. Ndiyo ile hatari niliyosema ya kuezeka mwaka huu na kuweka ukuta mwaka ujao. Msumari uliopigwa kutoka juu kwenda chini unazuia kenchi isiteleze, lakini ukivutwa juu unatoka kama jino la maziwa. Kila kenchi ifungwe kwenye boriti kwa mkanda wa chuma unaopita juu yake na kushuka pande zote mbili, wenye misumari kwenye ubavu wa mbao, kusudi upepo ukivuta, msumari ukatwe na si kung'olewa. Waya mnene uliozungushwa mara nne na kukazwa unafaa pia. Halafu mbao za mabati zifungwe kwenye kenchi kwa njia hiyo hiyo, hasa pembeni. Misumari ya mabati ipigwe juu ya wimbi la bati, si bondeni panapopita maji, na kwenye kingo za paa iwe mingi kuliko katikati, kwa maana upepo huanza kufungua bati kutoka ukingoni.

Nilitembelea kikundi kimoja ambacho paa lake lilivuka barabara likiwa zima, kenchi na mabati, likatua kwenye shamba la jirani. Nguzo zote zilibaki zimesimama. Tulipoangalia vichwa vya nguzo tulikuta kila kimoja kina misumari miwili, safi, haijapinda hata kidogo. Mungu alisaidia ilikuwa usiku. Siku ya mkutano wangekuwa akina mama thelathini na watoto wao chini yake.

Wekeni mfereji wa maji kwenye paa hata kabla ya ukuta. Paa hili lina ukubwa wa mita za mraba 43 hivi, na kila milimita ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya usiku ya milimita 40 inawapa kama lita 1,500 baada ya kutoa inayopotea. Hayo ni mapipa saba. Maji hayo yasipokingwa yanadondoka chini, yanaruka, na yanapiga nguzo pale pale tuliposema zinaoza.

Ndani ya ghala

Sakafu ya mahindi iinuliwe mita moja kutoka chini, juu ya vijiti vyake vifupi, na kila kijiti kivishwe koni ya bati iliyogeuzwa mdomo chini. Panya anapanda, anafika kwenye koni, anarudi. Msiache ngazi ikiegemea hapo usiku. Kama hamwezi sakafu ya juu, tandikeni mbao za kuinua magunia angalau inchi 6, na kati ya magunia na ukuta pabaki nafasi ya mtu kupita akifagia. Acheni madirisha ya waya juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana, hewa ipite.

Lakini ghala zuri haliponyi mahindi mabichi. Yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wasio na mashine wajaribu hivi: chupa kavu ya kioo, mahindi mpaka robo, chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado. Yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isiposhika, ukavu umekaribia, siyo lazima uwe umefika, kwa hiyo anikeni siku nyingine moja. Katibu aandike jina la mwenye gunia na siku lilipojaribiwa. Wakati mwingine mwenye gunia bichi ni mwenyekiti, na hapo ndipo daftari linasaidia. Mkumbuke pia dumuzi: mdudu huyu anatoboa mahindi na anaweza kukaa hata kwenye mbao, kwa hiyo ghala lifagiliwe mpaka kwenye nyufa za nguzo kabla ya mavuno mapya kuingia.

Kama ni nyumba ya kuishi

Mengi ni yale yale. Tofauti ni kwamba nyumba inatakiwa kudumu kuliko mwenye kuijenga, na nguzo iliyofichwa ndani ya ukuta wa udongo haionekani mchwa wakianza. Acheni futi moja ya chini ya kila nguzo wazi upande wa nje. Wenye uwezo waweke kisiki cha konkriti kinachotoka futi moja juu ya ardhi, chenye vyuma viwili vya kushika nguzo kwa boliti. Hapo mti haugusi udongo kabisa. Ila mjue mmeikata nguzo mizizi yake: haisimami tena kwa nguvu ya shimo, inasimama kwa mbao za mshazari peke yake. Anayejenga juu ya visiki na kuacha mshazari amejenga meza yenye miguu iliyolegea. Kabla ya kuanza nyumba, ulizeni pia ofisi ya ujenzi ya kaunti inataka michoro gani.

Pesa, fundi na shamba

Andikianeni na fundi, hata kama ni mtoto wa dada yenu. Malipo yawe mara nne: ya kwanza mashimo yakiisha kupimwa kwa fimbo, ya pili nguzo zikiwa zimeshindiliwa na mbao za mshazari ziko mahali, ya tatu kila kenchi ikiwa imefungwa mkanda, ya mwisho baada ya mvua ya kwanza. Wekeni sharti kwamba hakuna shimo litakalofunikwa wala bati litakalopigwa kabla ya wanakamati wawili kuona, na mmoja wao awe mwanamke. Akina mama ndio huchota maji na kubeba mawe ya ujenzi, na ndio watakaolala na wasiwasi upepo ukivuma. Wawe na haki ya kusema hapana.

Shamba lenyewe ni la nani? Vikundi vingi hujenga kwa mwanakikundi mwenye moyo mzuri, bila karatasi. Akifariki, watoto wake wanarithi shamba na ghala lililo juu yake. Pateni maandishi yenye sahihi yake, ya mke au mume wake, na ya mashahidi, yanayosema miaka mingapi, na kwamba nguzo na mabati ni mali ya kikundi. Jengo la nguzo linaweza kufunguliwa na kuhamishwa. La mawe haliwezi. Hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda.

Baada ya kujenga, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, mtu azunguke na kisu. Afukue inchi 6 kwenye kila nguzo, achome. Kisu kikiingia kirahisi, kuna uozo. Aangalie njia za udongo za mchwa, azibomoe, na arudi baada ya wiki kuona kama zimejengwa tena. Kuni zisiegemezwe kwenye nguzo. Nguzo ikioza mguu, jengo halijafa: shikilieni boriti kwa miti miwili ya muda, kateni sehemu mbovu mpaka penye mbao nzima, mwage kisiki cha konkriti chenye vyuma, na mfunge nguzo juu yake. Fanyeni moja moja, msing'oe mbili siku moja.

Ya kuzungumza kikundini

Nendeni pamoja kwenye jengo lolote la nguzo kijijini, shule, zizi au kioski. Tafuteni mbao za mshazari ziko ngapi na kenchi zimefungwa na nini. Chomeni nguzo kwa kisu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mkirudi, jibuni: katika pesa tulizo nazo, ni kiasi gani tumepanga kwa mabati, na ni kiasi gani kwa nguzo, boliti na mikanda? Ni nani atakayeshika fimbo ya kupimia? Na je, fundi wetu akisema shimo la futi 2 linatosha, ni nani kati yetu atakayemjibu?